Mgeni wa Barazani na Mgeni wa Ndani



Katika nyumba zetu za mwambao mgeni ana njia mbili. Mgeni wa kiume huishia barazani. Huletewa kahawa na tende, akazungumza na baba wa nyumba, kisha akaaga. Mgeni wa kike hupita moja kwa moja hadi ndani, akaketi mkekani na akina mama, akasikia nani ameposwa, nani mgonjwa, na sinia la halua lililopokewa jana litarudishwa na nini. Wote wawili wametembelea nyumba moja, lakini wakiulizwa walichokiona, habari zao hazitafanana.

Wiki hii tungependa kuitumia desturi hii tuijuayo sote ili tuzungumze juu ya jambo lililo mbali kidogo na mazungumzo yetu ya kila siku: namna watafiti wa nchi mbalimbali walivyoichunguza jamii ya Waislamu wa Pakistan, na namna elimu hiyo ilivyogeuka sura pale wanawake walipoingia ndani na kuyaandika waliyoyaona. Pakistan si nchi ngeni kwetu. Wapo miongoni mwetu Wabaluchi ambao wazee wao walitoka Makran, pwani iliyogawanywa leo na mpaka wa Iran na Pakistan, wakaja huku wakiwa askari wa watawala wa Oman. Wapo pia jamaa wenye asili ya Punjab ambao wazee wao walikuja zama za kujengwa reli. Lakini hata asiye na nasaba ya huko atajiona katika habari hizi, kwa kuwa mambo yanayozungumzwa ni ya arusi, misiba, stara na mirathi.

Tuanze na mgeni wa barazani. Mwaka 1954 Fredrik Barth, mtafiti kijana kutoka Norway, alikwenda bonde la Swat, kaskazini mwa Pakistan, kuchunguza maisha ya Wapashtuni. Kitabu chake juu ya uongozi wa kisiasa wa watu hao kilichapishwa 1959, kikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomeshwa sana katika vyuo vikuu vinavyofundisha elimu ya jamii na mila. Humo msomaji hukutana na hujra, yaani nyumba ya wanaume, ambako khan huketi na wafuasi wake, wageni hulishwa na mashauri hukatwa. Huona jinsi ardhi inavyozaa nguvu, jinsi ukarimu unavyovuta wafuasi, na jinsi heshima ya mtu inavyolindwa kwa hali na mali.

Mtafiti huyo hatumlaumu kwa kutoingia ndani. Alikuwa mwanamume na mgeni, na adabu ya nchi ile, kama ilivyo adabu ya kwetu, haikumruhusu. Tatizo huanza kwa msomaji anayedhani kuwa baraza ndiyo nyumba nzima. Wako waliosoma habari za hujra wakaamua kuwa mambo yote yenye uzito hufanywa na wanaume, na kwamba wanawake wa nyuma ya ukuta hukaa tu wakingojea. Hakuna mwenye mama wala bibi anayeweza kuliamini neno hilo, lakini lisiloandikwa huwa jepesi kukanushwa.

Mmoja wa waliosaidia kuurekebisha mtazamo huo ni Hanna Papanek, mtafiti kutoka Marekani aliyefanya kazi Pakistan na kuandika juu ya purdah, yaani utaratibu wa stara na kutengana kwa wanawake na wanaume. Katika makala zake za 1971 na 1973 alieleza mambo mawili ambayo wasomaji wa nchi za Magharibi hawakuyatarajia. La kwanza ni kuwa burqa ni mfano wa faragha ambayo mwanamke huweza kuichukua popote aendapo. Ukuta wa nyumba haubebeki, lakini vazi hubebeka. Kwa hivyo mwanamke aliyelivaa aliweza kutoka, akapita sokoni, akaenda shuleni na hospitalini, naye amebaki ndani ya stara yake. Akina bibi zetu waliotembea Mji wa Kale na buibui zao hawakuhitaji kitabu kuwaambia hayo. Waliyajua kwa miguu yao.

La pili lina uzito zaidi. Papanek alionyesha kuwa utengano huohuo uliowafungia wanawake baadhi ya kazi uliwafungulia nyingine. Pale ambapo familia hutaka binti yao atibiwe na mwanamke na afundishwe na mwanamke, lazima wapatikane wanawake madaktari na wanawake walimu, na hao hawapatikani bila ya kusomeshwa. Mwaka 1948, mwaka mmoja tu baada ya Pakistan kuzaliwa, kilifunguliwa mjini Lahore chuo cha udaktari cha wanawake chenye jina la Bi Fatima Jinnah, dada wa mwasisi wa taifa hilo. Papanek hakusema kuwa mambo yote yalikuwa mema. Alieleza pia milango iliyofungwa. Alichokikataa ni kuhukumu kabla ya kutazama.

Kutoka mijini turudi tena kwa Wapashtuni, safari hii tukiingia kwa mlango wa ndani. Benedicte Grima, mtafiti mwingine kutoka Marekani, alijifunza lugha ya Kipashto na kukaa na wanawake akiwasikiliza wakisimulia maisha yao. Kitabu chake kilitoka 1992. Aligundua kuwa kwa wanawake wale kusimulia gham, yaani huzuni na mitihani iliyompata mtu, ni fani yenye kanuni zake: kuna namna ya kuanza, mahali pa kulia, mahali pa kunyamaza, na wasikilizaji hujua nani anaisimulia ipasavyo. Mwanamke aliyevumilia mengi husikilizwa kwa heshima. Binti ambaye bado hajaonja machungu huonekana hana habari ya kusimulia. Waswahili husema mwenye kovu usidhani kapoa. Huko, kovu ndilo linalompa mtu ruhusa ya kusema.

Miaka kumi na minne baadaye, 2006, kikatoka kitabu cha Amineh Ahmed, Mpakistani aliyesoma Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akarudi kufanya utafiti miongoni mwa wanawake wa familia kubwa za Swat na Mardan. Yeye alishika neno moja ambalo wanawake wale hulitumia kila siku: gham-khadi, yaani huzuni na furaha. Kwao neno hilo lina maana ya wajibu wa kwenda kwenye msiba na kwenye arusi, kuzuru mgonjwa, kumpongeza mzazi, na kulipa ziara kwa ziara. Mwanamke huweza kumaliza siku nzima njiani, kutoka matanga ya huku hadi posa ya kule, naye akirudi jioni husema amefanya kazi. Ahmed aliwaamini. Aliandika kuwa hiyo ni kazi kweli, kwa kuwa ndiyo inayofunga koo na koo, na bila yake wanaume wa hujra wasingekuwa na jamaa wa kuwategemea.

Nani kati yetu asiyeijua kazi hiyo? Mama aliyekosa kwenda kuhani hukumbushwa miaka kumi baadaye. Aliyekwenda arusini mkono mtupu hujulikana. Haya tunayaita mambo ya akina mama, kana kwamba ni mambo madogo, ilhali nyumba ambayo mama yake haendi kwa watu ndiyo hiyo hukosa watu siku ya jeneza.

Tumemweka mwisho mtafiti aliyewatangulia wanawake hawa wote, kwa sababu aliloliona ndilo linalotuhusu zaidi. Zekiye Eglar, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikwenda Punjab mara baada ya Pakistan kupata uhuru, akaishi kwa miaka kadhaa katika kijiji cha Mohla, wilaya ya Gujrat. Kitabu chake kilichapishwa 1960. Kiini chake ni desturi iitwayo vartan bhanji, utaratibu wa kupeana zawadi baina ya nyumba na nyumba, nao uko mikononi mwa wanawake.

Aliyoyaeleza yatawafanya akina mama wengi wa hapa watabasamu. Peremende, nguo na fedha hutoka na kuingia katika posa, arusi, uzazi na safari, na kila nyumba huweka hesabu kichwani ya ilichopokea na kutoka kwa nani. Mwenye kuzisimamia hesabu hizo ni mama mwenye nyumba. Na kanuni kubwa ni kuwa zawadi hairudishwi kwa kiasi kilekile. Hurudishwa pamoja na nyongeza, ili upande wa pili ubaki na deni dogo la kupendeza. Anayerudisha sawasawa na alichopewa, bila ya kuzidisha wala kupunguza, huwa ametangaza kuwa hataki tena uhusiano. Nasi tunao mchezo huohuo, na madaftari ya michango ya arusi yaliyohifadhiwa kabatini chini ya leso ni ushahidi wake. Chombo cha jirani hakirudi kitupu, na kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Lakini Eglar hakuishia kwenye utamu wa peremende. Aliona kuwa binti wa mwenye ardhi, hata akiolewa mbali, hubaki na haki maisha yake yote katika nyumba ya wazazi wake. Huja kuzuru, hupokewa kwa heshima, hupewa zawadi katika sikukuu na anapojifungua, na watoto wake wanapooa au kuolewa wajomba zao huja na mikono iliyojaa. Haki hiyo ilikuwa na bei. Kwa desturi, binti alisamehe fungu lake la ardhi, likabaki kwa kaka zake. Angelidai, angelipata shamba na kupoteza kwao. Wachache walithubutu.

Hapo ndipo utafiti ulipogusa jambo la haki. Wasomaji wetu wanajua kuwa aya ya 11 ya Surat An-Nisaa imeyaweka mafungu ya mirathi waziwazi, na fungu la binti limo. Hata hivyo, wakati wa utawala wa Waingereza, mila ya Punjab ndiyo iliyofuatwa katika ardhi, na mila hiyo iliwapa wanaume. Sheria ya 1937 iliyokusudia kuwarudisha Waislamu wa India kwenye Sharia katika mambo ya familia iliiacha nje ardhi ya kilimo, nayo ndiyo iliyokuwa mali kubwa ya watu wa vijijini. Ilipofika 1948, upande wa Punjab uliokuwa Pakistan, ilipitishwa sheria ya kuiingiza ardhi hiyo katika mirathi ya Kiislamu. Kwa hivyo Eglar alipokuwa Mohla, binti alikuwa na haki kwa Qurani na kwa sheria ya nchi, lakini desturi ya zawadi ilikuwa na nguvu kuliko zote mbili.

Desturi hiyo haikukoma kwa sababu sheria imeandikwa. Mwaka 2011, zaidi ya miaka 60 baadaye, bunge la Pakistan lilipitisha sheria nyingine inayomwadhibu anayemnyima mwanamke mirathi yake kwa hila au kwa njia isiyo halali: kifungo cha miaka 5 hadi 10, au faini ya rupia milioni moja, au vyote viwili. Sheria hiyo ilipiga marufuku pia ada ya kumwozesha mwanamke Qurani, ambayo hufanywa na baadhi ya watu ili binti asiolewe na mali isitoke nje ya ukoo. Jambo lisingehitaji adhabu kali namna hiyo kama lingekuwa limekwisha.

Tumeona tuyaeleze haya kwa urefu kwa sababu yanaonyesha faida ya mgeni wa ndani. Aliyekaa barazani angeambiwa kuwa mabinti wa nyumba ile wamesamehe kwa ridhaa yao, na mazungumzo yangekwisha hapo. Aliyekaa ndani aliona ridhaa hiyo inavyotengenezwa, kidogo kidogo, kwa kila pakiti ya peremende na kila pishi ya upendo, hata binti mwenyewe asijue ni lini aliulizwa.

Tuwe waadilifu, na utafiti wenyewe tuuhoji. Vitabu vyote tulivyovitaja viliandikwa kwa Kiingereza. Wanawake wa Mohla walisema Kipunjabi, na wa Swat Kipashto. Maisha yao yalisafiri hadi New York na Cambridge, yakawapatia watu shahada. Je, yaliwarudia wenyewe? Swali hili limewashughulisha wanazuoni wa Pakistan kwa muda mrefu, na wengi wao wameamua kushika kalamu. Khawar Mumtaz na Farida Shaheed waliandika historia ya harakati za wanawake wa nchi yao, ikachapishwa 1987. Na 2009 Shaheed aliteuliwa kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja wa Mataifa katika haki za utamaduni. Kwa upande wa pili, vyuo vya Marekani viliunda 1973 jumuiya ya pamoja ya masomo ya Pakistan, inayowasaidia watafiti kusafiri na kukutana. Kubadilishana elimu kukiwa kwa haki hufanana na vartan bhanji njema: aliyepokea hurudisha, tena kwa nyongeza.

Na sisi wa Mombasa tunao mfano wa kurudishiwa. Margaret Strobel, mwanahistoria wa Marekani, alichapisha 1979 kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa tangu 1890 hadi 1975. Kisha yeye na Sarah Mirza wakazikusanya habari za maisha za wanawake watatu wa mji huu, zikatoka kwa Kiingereza 1989. Mwaka 1991 zikachapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Hapo mjukuu wa Mombasa aliweza kuyasoma maneno ya akina bibi katika lugha yao wenyewe. Tungependa kila mtafiti anayepiga hodi katika nyumba zetu ajue kuwa hicho ndicho kiasi tunachokitarajia.

Basi tuchukue nini katika safari hii? Tunaona mambo matatu.

Kwanza, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji ana haki ya kuuliza. Mtafiti akija, aulizwe ametumwa na nani, anatafuta nini, jina la mtu litaandikwa au litafichwa, na maandishi yatarudi kwa lugha gani. Mama ana haki ya kujibu swali moja na kukataa jingine. Siri ya nyumba ni amana, na habari za jirani asiyekuwapo zisije zikawa ghiba iliyopigwa chapa.

Pili, tusingoje wageni. Binti anayesoma chuo kikuu aketi na bibi yake, amuulize habari za arusi za zamani, za madeni na malipo yake, za misiba na waliosimama nayo, aziandike au azirekodi kwa idhini. Tukiyaita mambo hayo madogo, yatakufa pamoja na wenyewe.

Tatu, na hili ndilo zito: tutenganishe zawadi na fungu. Kaka anayemletea dada yake kitambaa cha Idi, anayemlipia mtoto wake ada ya shule, anayempokea kwa furaha kila anapokuja, amefanya wema na ujira wake uko kwa Mola wake. Lakini wema huo haukufuta haki iliyowekwa na Mola huyohuyo. Mrithi anaweza kusamehe fungu lake, hilo hatulikatai. Ila kusamehe kwataka ajue kwanza anasamehe nini, kiasi gani, na kwamba akisema hapana mlango wa kwao hautafungwa. Dada aliyenyamaza kwa kuogopa kukosa pa kwenda siku ya taabu hakusamehe. Alinyamaza tu.

Akina baba, andikeni mali zenu na muwaeleze watoto wote, wa kiume na wa kike, mkiwa hai. Akina kaka, mtangulizeni dada yenu kumweleza fungu lake kabla hajalazimika kuliuliza. Nanyi akina mama, mnaozijua hesabu za kila sinia na kila leso iliyoingia nyumbani tangu siku mlipoolewa, jifunzeni na hesabu za mirathi, muwafunze na mabinti zenu. Panapokuwa na shaka, mahakama ya Kadhi ipo, na kuuliza huko si kuvunja undugu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kupeana kwa mapenzi na kugawana kwa haki. Wabillahi tawfiq.